Mizunguko Kumi na Miwili

3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani? Goti lako la kushoto linakwendaje, na yule mteja wa suti ya kijivu ameshakonda ikamtosha, au bado anakulaumu wewe? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Barua hii anakuletea kaka yako, ameiweka chini ya kiti cha lori. Ukiona ina vumbi la saruji usidhani nimeiandikia sakafuni. Simu tunazo, lakini unajua simu yetu ni ya salamu na misiba. Mambo ya moyoni nimezoea kukuandikia.

Sijasahau mapatano yetu ya jikoni kwako, siku tuliyotoka kupimwa na nesi akatwambia sote wawili, bila hata kushusha sauti, kwamba presha inapanda na nguo zinabana. Kila mmoja azunguke uwanja wa mpira wa mtaani kwake kila alfajiri, na idadi aiandike kwenye barua. Mwisho wa Juni aliyezunguka zaidi ndiye mkubwa, na mwenzake atamwamkia shikamoo mpaka kaburini. Miaka ishirini na sita tunabishana nani mkubwa, na wote tumezaliwa mwaka mmoja na mama zetu hawakuandika mwezi. Sasa miguu itaamua.

Mimi nimeanza. Nazunguka mara nne uwanja wa shule. Nikirudi naoga, nasali, naenda hotelini kazini.

Halafu nina jambo. Msimamizi wetu wa chumba cha pasi anastaafu. Meneja amesema ikifika Juni atachagua mmoja kati yangu na Bibi Mashuka, yule wa meza ya kukunja. Anataka mtu wa kusimama kutwa na kupita vyumba vyote vitatu: cha kufulia, cha pasi na cha kukunjia. Miaka kumi na tisa nimeegemea meza ile ile, wifi, nikinyoosha mashati ya watu nisiowajua. Nimemwambia Mungu, kaka yako na wewe. Basi.

Nijibu na idadi yako.

Wifi yako,
Mpiga Pasi


5 Machi

Kwako wewe unayejiita wifi, karibu utajiita mdogo wangu,

Salamu zimefika, zina vumbi kweli. Goti halijambo. Mteja wa suti hajakonda, amerudi na mkanda mpya akisema suti ndiyo iliyosinyaa.

Nne? Wifi, mara nne ni za kutafuta kuku aliyepotea. Mimi nazunguka kumi na mbili. Naanza giza halijaondoka, namaliza jua linachungulia, nafungua duka langu la ushonaji nikiwa mwepesi kama karatasi. Anza kujifunza kuamkia. Useme taratibu, "shi-ka-moo," mdomo uzoee.

La kazi limenifurahisha mpaka nikasimamisha cherehani. Utapata. Bibi Mashuka nani bwana! Nakuombea, na ukipata nitakushonea koti la kazi lenye mifuko minne.

Ni mimi mkubwa wako,
Fundi Cherehani


17 Machi

Wifi,

Salamu sana. Hujambo? Nami sijambo.

Nilipoisoma ile kumi na mbili yako nilicheka, kisha sikulala vizuri. Siku iliyofuata nikapiga saba. Wiki haijaisha nikafika kumi, na tangu juzi ni kumi na mbili kama wewe, kesho nafanya kumi na tatu. Uwanja una matope upande mmoja kwa hiyo nazunguka nje, kwenye lami. Natumia zile raba za marehemu dada, Mungu amrehemu, soli zimelika lakini zinaingia mguuni bila kusukumwa.

Nina swali, si langu. Jirani yangu hapa anaumwa mguu. Anasema hakuanguka wala hakujikwaa. Ni hapa juu ya wayo, kwenye mstari wa kidole cha pili. Akianza kutembea hakuna kitu, akiendelea panaanza kuchoma, akikaa panatulia. Jioni panavimba kidogo mpaka kiatu kinambana. Nimemwambia nitakuuliza kwa sababu wewe umeuguza watu. Afanyeje?

Kazini salama. Bibi Mashuka siku hizi anakuja nusu saa mapema. Mimi nakuja dakika arobaini.

Wifi yako,
Mpiga Pasi


19 Machi

Wifi mpenzi,

Mwambie jirani yako huo ni mshipa umejikunja. Achue kwa nguvu na mafuta ya moto, asubuhi na jioni, mpaka asikie machozi. Na asiache kutembea! Mguu ukiubembeleza unadeka kama mtoto wa mwisho. Marehemu mume wangu aliumwa hivyo hivyo, nikamchua, akapona kwa kuniogopa.

Mimi nimefika kumi na nne. Muuza mikate hapa mtaani ananiita mwanariadha.

Mkubwa wako,
Fundi Cherehani


14 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Safari iliyopita kaka yako aliondoka bila barua, nisamehe, kazi zilikuwa nyingi.

Mimi ni kumi na tano sasa. Nimeziandika ukutani nyuma ya mlango.

Jirani yangu alichua kama ulivyosema. Machozi yalitoka, maumivu hayakutoka. Sasa panauma hata akiwa amelala. Alikwenda zahanati ya kazini kwao mwishoni mwa mwezi uliopita, wakampiga picha, picha safi, mfupa mzima. Wakampa vidonge, wakamwambia ni misuli. Kwa hiyo inaelekea ni uvivu tu, au ni umri. Anasali sana. Jumapili hakusimama kwenye nyimbo, akasingizia kizunguzungu.

Usimwambie mtu habari za jirani yangu, ni mtu wa aibu.

Meneja alipita jana akatutazama tukifanya kazi. Nilisimama wima kama mlingoti.

Wifi yako,
Mpiga Pasi


(Nyuma ya bahasha hiyo hiyo, kwa kalamu ya mkaa)

Dada,

Jirani mwenye mguu hayupo. Ni mke wangu. Kila alfajiri anatoka anachechemea, anarudi ameuma mtandio. Kazini anaegemea meza ili wasimwone. Aliniapisha nisikwambie.

Na wewe uliniapisha nisimwambie kwamba huo uwanja hujawahi kuukanyaga, unaishia kwenye benchi la duka la mikate. Nimekuona kwa macho yangu, safari tatu.

Nimebeba saruji maisha yangu yote na haijanishinda. Huu mzigo wenu wa pande mbili umenishinda. Mwandikie leo wakati lori linashushwa. Usipoandika nitasema mwenyewe.

Kaka yako


15 Aprili

Shikamoo, wifi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Rudia kusoma uone kama mwandiko ni wangu. Kaka yuko mlangoni anasubiri, amekunja mikono kama mwalimu wa zamu, kwa hiyo nitasema haraka kabla ujasiri haujaniponyoka.

Sijazunguka kumi na mbili. Sijazunguka nne. Sijazunguka moja. Siku ya kwanza nilivaa viatu, nikafunga kamba vizuri, nikafika kwenye kona ya duka la mikate, pumzi ikaisha. Nikakaa kwenye benchi. Muuza mikate akanipa cha moto, nikala. Siku ya pili vivyo hivyo. Ilipokuja barua yako na nne zako, niliona aibu kuandika benchi. Nikaandika kumi na mbili. Kalamu ni nyepesi mno, wifi. Tangu nimebaki peke yangu kwenye nyumba hii nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi, na hakuna anayeniuliza nimekwenda wapi isipokuwa wewe. Kwenye karatasi nilikuwa na miguu mizuri. Nikaipenda.

Sasa kaka ananiambia jirani ni wewe. Nimekufanya uchue mguu mgonjwa kwa mafuta ya moto! Nimekwambia usiubembeleze! Na mume wangu hakuumwa hivyo, alikuwa na mwiba.

Nakuomba kwa Mungu unayemwomba kila siku: usizunguke tena hata mara moja. Picha safi si hoja. Nenda hospitali kubwa kwa daktari wa mifupa, umweleze tangu mwanzo, nne mpaka kumi na tano, na raba za marehemu, na lami. Na useme ni wewe. Usimpeleke jirani.

Nikasirikie, nina haki ya kukasirikiwa. Lakini kwanza nenda.

Mdogo wako,
Fundi Cherehani


28 Aprili

Wifi,

Hujambo? Nimekasirika siku mbili. Ya kwanza sikumpa kaka yako chai. Ya pili nilimpa bila sukari. Ya tatu nikakuona akilini pale kwenye benchi na mkate mkononi, unaitwa mwanariadha, nikacheka peke yangu mpaka Bibi Mashuka akaniuliza kama nina homa.

Kwa daktari nimekwenda. Ni binti mdogo, umri wa kuzaliwa na sisi. Akanikalisha juu ya kitanda, akauliza, "Mama, ulianguka?"

"Hapana."

"Uligongwa na kitu?"

"Hapana."

"Ulikanyaga vibaya?"

"Binti yangu, sikufanya lolote baya ila kiburi."

Akacheka, akasema kiburi hakionekani kwenye picha. Akabonyeza kwa kidole kimoja, hapa, pale, halafu pale penyewe. Niliruka nikalitaja jina la Bwana, na safari hii haikuwa sala. Akasema, "Basi nimepapata." Tukapiga picha nyingine. Wifi, ufa upo! Mwembamba kama unywele, kwenye ule mfupa mrefu unaokwenda kidole cha pili, na pembeni yake kama ukungu mweupe.

Nikamwambia picha ya kwanza ilikuwa safi. Akasema ufa wa aina hii ukiwa mchanga picha haiuoni. Unaonekana baada ya wiki mbili tatu, mfupa unapoanza kujiziba wenyewe. Ule ukungu ndio kiraka. Kwa hiyo zahanati hawakunidanganya, na mguu haukunidanganya. Niliyedanganya ni mimi.

Akanieleza hivi. Mfupa si jiwe. Kila siku tunauchosha kidogo, na kila siku ndani yake kuna mafundi wanaotengeneza palipochoka. Ukiongeza kazi polepole wanakwenda nayo. Ukiongeza ghafla, mara nne mpaka kumi na mbili kwa siku kumi, kwenye lami, na soli zimekufa, mafundi wanazidiwa. Nikamwambia, "Kama hanga la waya." Akauliza hanga gani. Nikamweleza kwamba kazini waya wa hanga la kutundikia mashati ukitaka kuukata huhitaji kisu. Unaukunja na kuukunjua pale pale, kidogo kidogo, bila nguvu, unashangaa umekatika. Akasema, "Mama, hiyo nitawaambia wagonjwa wengine. Ila waya haujizibi. Wako utajiziba, ukiuacha."

Aliniuliza pia mambo ya kike, yamekoma lini. Nikasema mwaka wa pili. Akasema baada ya hapo mifupa huwa myepesi, ninywe maziwa, nile dagaa na mifupa yao, nipate jua, na damu yangu waipime. Habari za kuchua kwa mafuta ya moto alipozisikia akashika kichwa. Akasema ningeendelea wiki chache tu, mfupa ungeweza kukatika kabisa na kuhitaji upasuaji. Sikumwambia ushauri ni wa nani. Nilisema ni wa jirani.

Nimepewa kiatu kigumu cha hospitali, cha mguu huu wa kushoto, kimepanda mpaka karibu na goti, kina mikanda kama ya mkoba. Wiki sita. Kutembea kidogo tu, kusimama kidogo tu.

Nililia njiani, si kwa mguu. Niliililia meza yangu. Halafu nikasali nikiwa nimekaa, mara ya kwanza tangu nijue kusali, na nikaamua. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa meneja kabla hajaniona mwenyewe kwenye korido. Nikamwambia yote, hata kwamba nimeficha mwezi mzima. Akakitazama kile kiatu kana kwamba kitasema kitu. "Mama, wiki sita bila kusimama?"

"Nitakaa. Mikono haijapasuka."

"Na vyumba vitatu?"

Nikakaza mkanda mmoja wa kiatu. Akasema tutaona. Bibi Mashuka akaniambia pole, pole nzuri sana, mpaka leo sijui ilikuwa ya furaha au ya huzuni. Mungu anisamehe kwa kuwaza hivyo.

Kukusamehe wewe nimeshakusamehe. Ningekuwa na haki gani, nami nina jirani asiyekuwepo?

Lakini hiyo shikamoo yako nimeipokea. Marahaba.

Wifi yako,
Mpiga Pasi


30 Aprili

Shikamoo wifi,

Kaka ameshuka na barua akaniambia, "Hajakuua." Nikaisoma nimesimama.

Fungua hicho kifurushi. Kiatu cha kulia ni cha ile jozi yako uliyoisahau kwangu mwaka jana, yenye kamba nyeusi. Nimekwenda kwa fundi viatu wa hapa jirani nikamweleza lile buti lako la hospitali. Akasema kiatu kile kina soli nene, kwa hiyo upande mmoja utakuwa mrefu na mwingine mfupi, na kiuno ndicho kitakacholipa. Amekiongezea soli hicho cha kulia, kilingane. Nilimsimamia kama askari. Kama kimezidi, kiuno chako kiseme, usinyamaze. Tumeshaona faida ya kunyamaza.

Mto wa kukalia ni wangu, nimejaza vipande vya suti ya kijivu. Ndiyo, mwenye suti amekubali kushonewa nyingine.

Na mimi nimekwenda uwanjani. Uwanja wenyewe, wifi, una magoli mawili na mbuzi. Nimezunguka mara moja. Sikuongeza. Muuza mikate alitoka nje akapiga makofi, mbuzi wakakimbia. Nikarudi nikakaa kwenye benchi kwa haki.

Usikate tamaa ya kazi. Mikono haijapasuka, umesema mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi Cherehani


9 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi katika Bwana, na goti lako nalisalimu pia. Kiuno changu kinakushukuru, kiatu kimelingana kama kimepimwa na pima maji. Hizi wiki nilikuandikia vipande vifupi tu kwa sababu nilikuwa nasubiri kuandika hii.

Kiatu cha hospitali kimevuliwa. Daktari amebonyeza pale penyewe, sikuruka. Kwenye picha, mahali pa ufa pana kijivimbe cheupe cha mfupa mpya, kama fundo unalofunga mwisho wa uzi. Nilifikiri ni kasoro, akasema hapana, hapo ndipo pamefungwa.

Sasa nisikilize. Waliponiwekea stuli sikuwa na pa kukaa ila mlangoni, pale vyumba vitatu vinapokutana na vigari vya nguo vinapita. Nikaweka mto wako, nikanyoosha mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga pasi za foronya na vitambaa vidogo. Wifi, miaka kumi na tisa nimekipa kisogo kile kilichokuwa kinapita nyuma yangu! Wiki ya kwanza nikaona shuka moja likipita mbele yangu mara tatu. Linatoka kufuliwa, linakwenda kukunjwa, wanaona doa, linarudishwa, linakuja kwangu likiwa limeshakunjwa. Foronya zilizokuwa zinapotea kila wiki zinadondoka kwenye kigari chenye mfuko uliotoboka. Nikamwita Bibi Mashuka. Nikamwambia, "Tuangalie madoa hapa mlangoni, kabla ya pasi." Akanitazama, akasema, "Hivi tulikuwa wapi sisi?" Akasukuma meza yake mwenyewe.

Wiki ya nne meneja akaja, akasimama karibu na ndoo yangu muda mrefu. Akauliza malalamiko ya wageni yamekwenda wapi. Bibi Mashuka, siyo mimi, akajibu, "Muulize huyu aliyekaa."

Ijumaa akatuita. Akasema alikuwa anatafuta mtu wa kupita vyumba vitatu, na sasa ameona vyumba vitatu vinaweza kupita mbele ya mtu. Kazi ni yangu. Bibi Mashuka akapiga kigelegele mpaka bomba la mvuke likanyamaza, nami nikaona aibu kwa yale niliyomwazia. Nimeomba awe msaidizi wangu. Stuli inabaki. Koti la mifuko minne nalisubiri, mfuko mmoja uwe mkubwa, wa miwani.

Kutembea nimeruhusiwa, dakika kumi, kwenye majani, siku moja naenda siku moja napumzika, na raba mpya. Kila wiki naongeza kidogo, isizidi sehemu ya kumi. Pakianza kuuma nirudi nyuma, si mbele. Raba za marehemu dada nimezipangusa nikaziweka kabatini. Namba za ukutani nimezifuta. Kaka yako alishika kitambaa, akasema na yeye ashiriki.

Sasa lile la nani mkubwa. Juni haijaisha, lakini nimeliombea na nimeamua. Mimi nilitembea na nikaficha. Wewe hukutembea, lakini ulikuwa wa kwanza kusema kweli, ukiwa mlangoni na kaka yako amekunja mikono. Kama usingesema, leo nisingekuwa na mguu wa kuwekea raba mpya. Mkubwa ni wewe.

Shikamoo, wifi.

Nijibu upesi, lori linaondoka huko Alhamisi. Uniandikie umezunguka mara ngapi. Hata ikiwa nusu.

Wifi yako,
Mpiga Pasi